Nilijifanya Naielewa Karatasi, Wakafukia Kaburi la Mama

Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Nilisimama mbele ya ukoo wangu nikaeleza karatasi ambayo sikuielewa hata nusu. Leo kaburi la mama yangu liko chini ya kifusi cha mawe, na aliyelipeleka huko ni mimi.

Msinionee huruma. Nina hasira, na nyingi ni za kujichukia mwenyewe. Zilizobaki nitawagawia wanaostahili.

Shule niliachia darasa la tatu. Nilianzia kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, navuta mawe kwa kamba kutoka chini mpaka viganja vikaota sugu kama kwato. Leo nina karasha mbili za kusaga mawe upande wa Segese na nyumba ya bati la rangi. Hakuna aliyenibeba. Kiburi ninacho, na kwa miaka mingi kilinifaa.

Akaja mwekezaji wa mgodi. Kipande cha shamba la ukoo kikaangukia ndani ya eneo lake. Kijana wao wa mambo ya ardhi akaitisha kikao pale ofisi ya kijiji, akasoma karatasi mbio mbio kama anafukuzwa na nyuki. Alipomaliza akauliza nani atawafafanulia wazee kwa Kisukuma. Macho yote yakaja kwangu. Nikasimama, nikashika kola ya koti.

Kifungu chenyewe sasa nakijua kwa moyo. Kilisema hivi: "Masalia ya binadamu yasiyobainishwa na wadau stahiki ndani ya kipindi tajwa yatachukuliwa kuwa hayapo katika eneo la mradi."

Ninyi mliosoma, niambieni. Hicho ni Kiswahili cha nani? Nani anazungumza hivyo nyumbani kwake? Nilikisikia kikipita juu ya kichwa changu kama ndege, na badala ya kusema sijaelewa, nikatunga. Niliwaambia wazee kwamba makaburi yamekwishaonekana, na yatazungushiwa uzio kwa heshima. Wakaitikia kwa vichwa. Wakanisifu.

Mama, Mayu kama tulivyomwita kwa Kisukuma, tulimzika miaka mingi iliyopita kando ya zizi, bila saruji, bila jina. Ni mawe machache na kichaka cha mkonge alichopanda baba. Kwetu hata mtoto anajua pale ni kwa bibi. Mgeni anaona mawe tu.

Dada yangu mdogo, Mama Kulwa, alimaliza la saba na anasoma vizuri kuliko wote ukooni. Alinifuata nikiwa bado nimezungukwa na wanaume.

"Kaka, nipe hiyo karatasi niisome. Mayu ametajwa humo?"

"Ametajwa. Wewe nenda kapike."

Wanaume wakacheka. Nami nikacheka. Karatasi nikaikunja nikaitia mfuko wa ndani, kama vile mama ni wangu peke yangu. Baadaye aliniuliza tena mara mbili, na mara ya pili nikamwambia sijafika umri wa kufundishwa na mtoto wa kike niliyembeba mgongoni. Nikatia saini, mimi mkubwa wa ukoo.

Katapila lilipoingia, yeye ndiye aliyekwenda kuangalia. Alikuta zizi halipo, mkonge haupo, kifusi kimelala pale kama kichuguu kipya. Hakuja kunililia. Alipita kwa mtendaji, akaomba nakala, akaja nayo mpaka kwenye karasha zangu. Akasubiri nizime mashine.

"Mwenye kaburi hapa aje atuonyeshe ndani ya siku ishirini na moja. Asipokuja, tutalifukia," alisema. "Ni hayo tu, kaka. Hayo tu ndiyo yaliyoandikwa."

Siku ishirini na moja! Na mimi kutoka kwangu mpaka kwa mama ni mwendo wa kupoa kikombe cha chai.

Nikaenda kwa yule kijana. Akanionyesha saini yangu, akasema mzee, mlishirikishwa. Nikamuuliza kwa nini hawakuandika kama dada yangu alivyosema, maneno ambayo hata mchunga ng'ombe angeyaelewa. Akasema nyaraka hizi zina lugha yake ya kitaalamu.

Nikamwambia, "Mwanangu, tumbo likikukamata ugenini, choo unakiulizia kwa lugha ya kitaalamu?"

Wenzake mezani wakacheka. Yeye alitazama kompyuta yake. Nami nikatoka, kwa sababu hata ningemtukana mpaka jua lizame, kifusi kisingesogea.

Mwezi uliopita binti wa Mama Kulwa aliolewa. Kwetu bibi harusi hupelekwa kwanza kaburini kwa bibi yake, akaagwe. Nimesikia walisimama nje ya uzio wa waya, wakamwaga maji upande wa kifusi kwa kukisia, mlinzi akawafukuza. Nimesikia tu. Mimi sikuitwa.

Ninyi mnaoandika karatasi za namna ile, nawaambia bila kuwapaka mafuta: mnajua kabisa sisi ni nani. Mnakula nasi, mnanunua mahindi kwetu, na siku hiyo mnatuelewa vizuri sana. Kwa nini mkishika kalamu mnahama lugha? Mtu anayetaka aeleweke hueleweka.

Na wewe mzee mwenzangu, mwenye nyumba nzuri na sauti kubwa kikaoni. Ukisomewa usichokielewa, simama useme hujaelewa, tena urudiwe mpaka uelewe. Kama kuna dada yako anayejua kusoma, mpe karatasi mbele ya watu wote. Utaona aibu siku hiyo moja tu. Mimi bado wananiamkia shikamoo njia nzima, na kila nikiitikia marahaba naona aibu upya.