Matufaha Yasiyooshika

Harufu ya karafuu iliyolala kwenye ramu hunipandisha hasira. Watu wakisikia kwamba marehemu mume wangu alikuwa akitengeneza kinywaji hicho kwa mikono yake, hudhani nitalia. Silii. Natafuta mtu wa kumgombeza, na kwa kuwa anayestahili yuko Thornton Heath, naligombeza sinki.

Tulikaa Kilburn, London, ghorofa ya kwanza, katika fleti yenye jiko ambamo watu wawili hawapishani mpaka mmoja avute tumbo ndani. Mume wangu alifanya kazi kwenye baa ya hoteli moja katikati ya jiji. Alianza kwa kuosha glasi, na kufikia katikati ya miaka ya tisini yeye ndiye aliyekuwa akichanganya vinywaji. Aliniambia wageni wa hoteli wana majira yao. Wakati wa joto wanataka barafu na mnanaa. Majani ya miti yakianza kupukutika wanataka kitu chenye mdalasini, chenye rangi ya chai, cha kupasha mikono. Kokteli za msimu wa baridi, ndivyo alivyoziita. Lakini iliyo bora kuliko zote aliitengeneza nyumbani, na hoteli hawakuwahi kuionja.

Matufaha aliyapata kwa bibi mmoja wa Kiairishi aliyekaa chini yetu, mwenye mti uani kwake. Yalikuwa machachu, ukiuma unafumba jicho moja. Karafuu, mdalasini, kungumanga na sukari guru alivifuata Neasden, kwa Mhindi mmoja mwenye duka aliyezaliwa Mwanza, ambaye kila mwaka alimuuliza kwa Kiswahili ni chai gani hiyo inayokula viungo namna ile. Akirudi, aliyakata matufaha bila kuyamenya, akavipanga vipande kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya zeituni, akatia sukari, vijiti vya mdalasini, tangawizi na ganda la chungwa, kisha ramu nyeusi mpaka vyote vikazama. Kwenye karafuu alikuwa bahili. Alisema zikizidi ulimi unakufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi hana haja ya kokteli, anywe maji.

Chupa ilikaa gizani chini ya sinki. Kila alipotoka kazini, kabla hata ya kuvua koti, aliitikisa na kuijulia hali. Mimi mke wake nilisalimiwa wa pili.

Aliifungua siku moja tu katika mwaka, Jumapili ile ya mwezi wa kumi ambayo Waingereza hurudisha saa nyuma. Alisema saa ile hatukuifanyia kazi wala hatukuiomba, tumepewa, basi ni ya kunywa. Alipanda kwenye stuli, akairudisha saa ya jikoni, ndipo akainama kuitoa chupa. Kwenye glasi aliweka ramu kidogo, juisi ya tufaha iliyopashwa moto, tone la limau, akaparuzia kungumanga juu, na mwishowe akatumbukiza kipande kimoja cha tufaha. Nilimwambia mara nyingi avitupe vile vipande, vimeshachoka. Akanicheka.

"Ramu yote imehamia humo," alisema. "Iliyobaki kwenye chupa ni maji yake ya kuogea."

Alikunywa glasi moja, nami moja, tukaridhika. Katika ndoa yetu yote sikumwona akiyumba hata siku moja. Nalisema hili kwa sababu ya yaliyosemwa baadaye.

Binti yetu alizaliwa hapa hapa London, mtoto wa kusikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Tangu mdogo aliililia ile glasi, na baba yake akamwambia asubiri atimize miaka kumi na minane. Mwaka alioitimiza, mwezi wa tisa, waliitayarisha chupa pamoja. Walikuwa hawaelewani sana siku hizo, binti na baba, kila neno lilikuwa ugomvi, lakini juu ya matufaha walielewana. Yeye alikata, baba akalalamika kwamba vipande ni vinene, akacheka, akavipanga hivyo hivyo. Kisha akamwahidi glasi ya kwanza iwe yake. Alisema mimi na yeye tutasimama pembeni tukimtazama usoni.

Juma lile la kurudisha saa, mume wangu alipanda basi asubuhi kwenda kazini, na moyo wake ukasimama humo humo ndani ya basi.

Kwetu mfiwa hapiki. Anatandikiwa godoro sebuleni, anakaa chini, wanawake wengine wanalichukua jiko. Ni desturi nzuri, na sina ugomvi nayo, ila sikujua kwamba ukilitoa jiko unatoa na kila kilichomo. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kutoka Thornton Heath na akina mama wa kanisa lake, wakafunga vitenge viunoni, wakashika sufuria. Jumapili mchungaji wao angekuja kuongoza sala. Ilikuwa Jumapili ile ile, na saa ya jikoni haikukumbukwa na mtu.

Nilikuwa kwenye godoro niliposikia kabati la chini ya sinki likifunguliwa. Halafu mfuniko. Halafu harufu ikanifikia, karafuu na ganda la chungwa, na sinki likaanza kugugumia. Niliruka. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanikandamiza bega, akaniambia mfiwa hainuki, nitulie, nimwachie Mungu.

"Ile ni ya mwanangu," nilisema.

Akanijibu kwa upole kwamba mtoto atapata soda.

Wifi akatokea mlangoni akijifuta mikono. Alisema amesafisha, kwa kuwa mchungaji asingeweza kuingia nyumba yenye vitu vile. Alilisema kama mtu aliyekusaidia kutoa takataka. Nilimtazama usoni, uso ule ule wa mume wangu, nikakosa tusi linalotosha. Mwanamke huyu amekulia Uchagani. Mama yao alipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, akiuza kila siku ya soko, na yeye ndiye msichana aliyemenya ndizi na kusaga ulezi. Kusoma kwake, viatu vyake, hata Biblia yake ya kwanza vilitoka kwenye pipa la mbege. Leo amevuka maji, chupa moja ya kaka yake inamtia kinyaa. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na hawakuwa wamemwona wifi yangu.

Mchungaji alikuja, akasali vizuri. Baadaye akamshukuru Mungu kwa kuwa ndugu yetu aliiacha pombe na amefariki katika nyumba safi. Watu wakaitikia amina. Walikuwa wamemmwaga mume wangu kwenye sinki, na sasa walikuwa wananiletea mwingine nisiyemjua nimlilie.

Baada ya pilau, wifi alileta bakuli kubwa la matunda na kuliweka mbele ya mchungaji. Ndizi, machungwa, maembe ya kopo. Na matufaha, vipande vinene, vyeusi kama chai iliyolala.

Nilielewa hapo hapo. Alimwaga maji, lakini vipande hakuvitupa. Chakula hakitupwi, Mungu anaona. Ndivyo alivyolelewa, kama sisi sote. Akavisuuza bombani, akaviona vimekuwa safi.

Mchungaji alijipakulia, akatafuna, akauliza viungo gani vimetiwa. Wifi akasema ni mdalasini. Akajipakulia tena. Shavu likamng'aa, akalegeza tai, na ushuhuda aliokuwa ameufupisha kwa sababu ya muda ukaanza upya tangu alipookoka. Yule mama aliyenikandamiza bega alikula vya kutosha, kisha akaanzisha pambio juu mno, hakuna aliyeweza kulifuata. Wangekuwa watu wengine ningecheka.

Binti yangu alikuwa akipita na sahani chafu. Alichukua kipande kimoja kwa vidole, kama mtoto, akakitia mdomoni, akasimama. Akanitazama kwa juu ya vichwa vya watu wote.

"Mum," alisema. "It's Dad's."

Niliinuka. Mikono ya akina mama ilinishika kitenge, nikakiacha mikononi mwao. Mchungaji alikuwa amenyoosha kijiko kwa mara ya tatu nilipolichukua bakuli mbele yake. Wifi aliniambia kwa sauti ya chini nikae, watu wanaona.

"Waone," nilisema. "Haya ni matufaha ya kaka yako. Umeyaosha, hayakuoshika."

Niliingia jikoni na binti yangu, tukasogeza masufuria ya watu. Nilimwambia tuokoe vipande vilivyobaki kwenye zile ndizi. Akasema ngoja kwanza. Alipanda kwenye stuli, akairudisha saa nyuma, akashuka. Nikapasha juisi moto, nikakamua limau, nikaparuza kungumanga, nikatumbukiza vipande vitatu badala ya kimoja, maana ramu nyingine hatukuwa nayo. Nikampa glasi, nikasimama pembeni nikamtazama usoni, kwa niaba ya wawili. Alikunywa polepole mpaka chini, akala na vipande. Alikuwa analia, na alisema kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kwamba ni tamu.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika lini. Alikuwa ameshainusa mikono yake, nadhani, na ameshaelewa mchungaji amekula nini, lakini hakuyataja hayo. Alikuwa anakitazama kipande cha mwisho ndani ya bakuli.

"Wifi," alisema, "alikuwa kaka yangu. Nionjeshe."

Nilikichukua kile kipande, nikakila mwenyewe mbele yake.