Siku Mama Aliponitandikia Kikwembe

Mpaka leo nikifumba macho naliona lile joto likicheza juu ya uwanja wa mtaa wetu, Musonoi, na vumbi jekundu likining'inia hewani kana kwamba limesahau kutua. Nilikuwa beki wa timu ya wasichana ya shule yetu, tukicheza nusu fainali na wasichana wa mtaa wa Kapata. Mechi yenyewe haikuninyima usingizi. Aliyeninyima usingizi ni mama, aliyekuja kuniona nikicheza kwa mara ya kwanza.

Mama hakupenda kabisa. "Mupira ni ya batoto banaume," ndiyo ilikuwa kauli yake. Nilimsumbua mwaka mzima mpaka akakubali kuja kutazama mara moja tu. Baada ya hapo angesema niendelee au niache, na mama yangu akishasema amesema. Alikuja amefunga kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, juu ya kile cha kila siku, akasimama kando ya mstari wa chokaa kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Mashabiki wetu walikuwa wakipiga bidoni tupu za maji na filimbi, wakimwimbia golikipa wa Kapata aurudie ugali wake jikoni: "Rudia nyumba, bukari inaungua!" Msichana wa watu alishindwa kujizuia, akacheka. Jirani yetu mmoja, mama anayejua kila kitu, alimwonyesha mama yangu lango la golikipa huyo. "Ona mulango ile ya kule. Mupira ikiingia mule, tunafurahi."

Mama alilishika somo hilo. Kipindi chote cha kwanza alilipigia kelele lango lile. Mshambuliaji wetu alipogonga mwamba, uwanja mzima ulishika kichwa, na mama naye akashika chake. Niliona hivyo kwa mbali, moyo ukanipanda.

Mapumziko yakaisha, tukabadilishana upande. Hakuna aliyemweleza mama.

Zilikuwa zimebaki dakika chache, bado bila kwa bila, Kapata wakapata kona. Mpira ule ulikuja polepole, ukizunguka ndani ya vumbi na mwanga, nikawa na muda mrefu ajabu wa kuutazama. Niliinua mguu niuondoe. Ukanigonga ugokoni, ukaingia wavuni mwetu.

Bidoni zote zikanyamaza upande wetu. Kutoka huko nilisikia vigelegele vya mtu mmoja tu. Mama alikuwa anakuja mbio uwanjani, anafungua kikwembe cha sikukuu, akakitandika chini mbele yangu, kama tunavyomfanyia mtu aliyetuletea furaha.

"Pita, mama, pita! Umeingiza! Mulango ni ile ile!"

Mwamuzi alisogea na filimbi mdomoni, asipulize. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimkasirikia jirani, nikaukasirikia mpira, nikamkasirikia hata mtu wa kwanza aliyebuni mambo ya kubadilishana upande. Ningeweza kumwambia mama palepale. Lakini nilimtazama usoni, na furaha ile sikuwa nimewahi kuiona, si kwa ajili yangu. Nikakanyaga kikwembe.

Hapo ndipo akina mama wa Kapata, machozi ya kicheko yakiwatoka, walipoingia na vya kwao. Si nilikuwa nimewapa fainali? Walitandika kimoja mbele ya kingine, vya maua, vya ndege, vya majani, mpaka sikuuona tena udongo. Nilitembea juu ya rangi zile kama naota, sauti zote zimekuwa mbali. Kando yangu mama alikuwa anapiga makofi na kuwashukuru: "Aksanti, bamama, aksanti sana!"

Tulitolewa kwa bao hilo moja. Mama hakujua. Njiani kurudi nyumbani alikuwa anaimba, na nilijua nikinyamaza atasema niendelee. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, tulishindwa. Mulango ile ilikuwa yetu. Kisha ya mapumziko banabadilisha upande."

Alisimama. Pikipiki mbili zikatupita, vumbi likatufunika, likapungua.

"Na bale bamama ba Kapata?"

"Balikuwa bananishukuru, mama."

"Bantu bote balijua?"

"Bote."

"Na weye, saa ulikuwa unapita pale, ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja lile neno la kuendelea au kuacha.

"Ulipita tu kusudi mi nisione haya?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alijifuta uso kwa kiganja, akageuka kuitazama barabara.

"Basi cheza," akasema, akatangulia. Nikamfuata huku nalia, na sikujali nani ananiona.