Pompi Ndani ya Valizi

Sauti ile bado iko masikioni mwangu: filimbi nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, ila ilitoka katika kifua cha mtoto. Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Sasa utafiti umefungwa, mkoba nimerudisha, na ninyi mnaoanza kazi kama ile mmeniomba niwasimulie.

Sikuwa nesi. Shule niliiacha njiani. Nilichukuliwa kwa sababu nasema Kiswahili, Kirundi na Chichewa kidogo, na nacheka na watu upesi. Niliota siku moja nitavaa koti jeupe. Bado naota.

Tulitafuta wenye pumu, nyumba kwa nyumba, tukibeba kifaa cha kupuliza chenye mshale unaoonyesha nguvu ya pumzi. Mtu anapuliza mara tatu, unaandika namba iliyo kubwa zaidi. Mwenye pumu alipewa na daktari pompi, dawa ya kuvuta kwa mdomo, nasi tukamfundisha kuitumia. Msimamizi wetu, mama Mmalawi wa ofisi ya Area 47 kule Lilongwe, alirudia kila Jumatatu: "Andikeni kilichotokea, si kinachopendeza."

Mtoto wa ile filimbi aliitwa Furaha, miaka saba. Mama yake alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Nilipomkabidhi pompi nilisema, "Mama, itunze sana. Nyingine haipatikani upesi." Nikajiona nimesema vema.

Wiki chache baadaye, mchana wa vumbi, jirani yao Papa Bahati alikuja mbio. "We dada wa pumzi, kuya. Mutoto anakufa."

Furaha alikuwa amekaa mlangoni, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Filimbi ilikuwa inafifia, na hilo ndilo lililonitisha, maana tulifundishwa kwamba kifua kikinyamaza hivyo, hewa inakaribia kukatika.

"Pompi iko wapi?"

Furaha akanyoosha kidole chini ya kitanda. Valizi nyekundu, sanduku la safari lenye kufuli.

Valizi ile mnaijua, kila nyumba hapa ina yake: makaratasi ya ukimbizi, barua za kesi, picha za waliobaki. Ufunguo hukaa shingoni mwa mama, na mama alikuwa mjini Dowa kununua uzi.

"Usivunje," Papa Bahati akasema. "Dosie yabo ya kesi njo iko mule. Karatasi moja ikipotea, utabaambia nini?"

"Na mutoto akipotea, Papa?"

Akasogea pembeni. Nilichukua mchi. Pigo la kwanza liliangukia mguu wa kitanda. La tatu lilivunja kufuli. Pompi ilikuwa katikati ya makaratasi, imeviringishwa kitenge, haijaguswa.

Niliichomeka kwenye kitako cha chupa ya plastiki tuliyoitoboa kwa kazi hiyo, mdomo wa chupa nikampa Furaha. "Vuta, mwanangu, vuta tena." Nilihesabu kwa sauti nisisikie moyo wangu. Kisha filimbi ikarudi. Sijawahi kufurahia sauti mbaya namna ile. Tukampakia kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi kliniki.

Mama Furaha alitukuta huko. Nilidhani atanigombeza juu ya kufuli. Alisema polepole tu, "We njo uliniambia niitunze. Kitu ya kutunza, mi naweka wapi kama si mule?"

Basi ninyi msiseme "itunze". Semeni, "Iweke mahali mtoto anafika mwenyewe," kisha mwonyeshwe mahali hapo.

Kesho yake nilipeleka fomu ya tukio hilo ofisini Lilongwe. Swali la mwisho liliuliza kwa nini dawa ilichelewa. "Andika mama aliifungia," wenzangu walinishauri. "Ukijitaja, kazi imekwisha, na koti lako jeupe litabaki ndoto." Niliogopa kweli.

Walipotoka kwenda kula nsima, ugali wa huku, nilibaki. Nikaandika: Mama alifanya kama nilivyomwambia. Nikaweka jina langu chini, herufi kubwa, lisomeke.