Mpangaji Asiyefungua Mlango

Saa mbili asubuhi, Mwahija Tawakali anageuza samaki kwenye karai la mafuta, sokoni Lindi mjini. Wateja wanamsalimia. Anaitikia bila kuinua uso.

Ana miaka 54. Kwa miaka kumi na saba ya kukaanga samaki aliweka akiba hadi ikafika milioni tisa, akanunua nyumba ndogo eneo la Mitwero ili apangishe. Muuzaji, Hussen, alimwambia mpangaji aliyemo atahama mwisho wa mwezi.

Mpangaji huyo, Romani, hakuhama. Kodi hakulipa.

"Nikienda ananisemesha kwa upenyo wa mlango," anasimulia Mwahija. "'Shikamoo mama, nivumilie.' Basi, anafunga. Miezi minne! Nikajua huyu ni jeuri."

Alimshtaki kwenye baraza la ardhi. Romani akapewa siku thelathini, zikaisha. Mwahija akaenda na mwenyekiti wa mtaa, na kwa mara ya kwanza mlango ukafunguliwa wote.

Chini, kwenye godoro, alikuwa amelala Genoveva, mke wa Romani, akiwa na kidonda kikubwa kifuani. Majirani waliofuata kutazama walifunika pua.

"Kwa nini hukuniambia?" Mwahija alimuuliza.

"Nyumba mbili tumeshafukuzwa, mama. Wanasema harufu."

Mwahija anasema alimwambia palepale wabaki, mambo ya kodi yaishe. Lakini Genoveva alikuwa ameshatazamwa na mtaa mzima. Kesho yake alfajiri Romani alimbeba mgongoni hadi kituo cha basi, wakaenda kwa kaka yake, kijijini Tingi. Ufunguo aliuacha kwa jirani.

Siku ya tisa Genoveva akafariki.

Mwahija alifunga biashara akaenda kuzika. Romani alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Nyumba uliikuta salama?"

Hapo Mwahija anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Hakuniuliza kwa ubaya. Ndiyo maana inaniuma."

Nyumba bado ni tupu. Watu watatu wameiulizia, hajampa yeyote. Anataka kwanza apake chokaa na atoboe dirisha la pili, chumba kipate hewa.

"Nitapangisha, ndiyo riziki yangu," anasema. "Ila atakayekuja nitaingia ndani, nikae chini, niulize wako wangapi na hali zao. Sitazungumza tena na mtu mlangoni."