Miwani ya Mjomba Wakala

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, mjomba wangu, karani wa ushirika pale Ukata, aliamka siku moja amekuwa wakala wa kampuni. Akajitafutia sura ya cheo: tai, na miwani mizito ya mtumba. Macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote. "Wakala asiye na miwani," alituambia, "ni dalali tu."

Taabu ilikuwa kugeuza kichwa. Akitazama kushoto, ukuta ulikimbilia kulia. Kanisani, alipogeuka kutoa mkono wa amani, aliyumba akamwangukia mke wa katekista. Kufikia mchana kijiji kizima kilijua kwamba wakala hunywa kabla ya misa.

"Kaka, vua madubwana hayo," mama alimsihi.

"Dada, nyie hamjalizoea soko huria."

Alipotapika mbele ya wakulima akikagua kahawa, tulimpeleka zahanati ya misheni. Sista aliyekuwa akitibu pale alimnyooshea kidole, akamwambia akitazame huku akigeuza kichwa huku na huku.

"Ndani ya sikio kuna kiungo cha usawa wa mwili," sista alieleza. "Kichwa kikienda huku, kinayaambia macho yaende kule kwa kiasi kilekile, ili unachokitazama kitulie. Miwani hii inakuza kila kitu, hata mwendo, kwa hiyo kiasi kile hakitoshi. Ukiivaa mfululizo, ubongo utaliona kosa na kulisahihisha, na macho yatajifunza kwenda zaidi."

"Na akiivua?" mama akauliza.

"Atapona leo hii."

Mjomba akachagua kujifunza. Kila asubuhi alisimama uani akiukodolea macho mkungu wa ndizi, kichwa kikienda kulia na kushoto kama anayemkatalia mtu posa. Baada ya wiki kadhaa dunia ikatulia, naye akatembea sokoni wima, kidevu juu.

Msimu uliofuata kampuni haikurudi. Mjomba akavua miwani kwa hasira, na papo hapo akashika mlango. "Sasa ukuta unanifuata! Na haya ni macho yangu mwenyewe!" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Macho yalikuwa yamezoea kwenda zaidi; ikabidi ajifunze upya. Akawa anageuza kichwa polepole mno, na akiulizwa jambo alinyamaza kwanza mpaka aliyemuuliza atulie machoni pake. Wakulima wakaona ni busara. Kizunguzungu kilipokuja kuisha, walikuwa wameshamchagua mwenyekiti wa kamati ya shule.