Mwanamke wa Karte

Mama yangu hakuipenda karte tangu siku ilipoingia nyumbani kwetu. Tulikaa kambi ya wafanyakazi wa shaba, Lubumbashi, na baba alifanya kazi kwenye tanuru, pale chini ya bomba refu la moshi. Karte ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara mbili, chenye jina la mfanyakazi na jina la mke wake. Ukiipeleka kantini, yaani duka la kampuni, unapewa unga, mafuta, makayabu, wale samaki wa chumvi, na sabuni bila kutoa hata likuta moja. Hela hukatwa mwisho wa mwezi, kabla mshahara haujamfikia aliyeutolea jasho. Majirani waliipigia vigelegele. Mama aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akainusa.

"Kitu yenye inakupa bila kukuuliza," alisema, "siku moja itakuuliza."

Kabla ya hapo alinunua sokoni kwa mzee mmoja wa Kimanyema, kwa hela alizofunga kwenye pindo la kitenge. Hela zikiisha, ununuzi umekwisha, mnakula majani mpaka zipatikane nyingine. Mzee yule aliposikia habari za karte alicheka, akamwambia, "Kukopa arusi, kulipa matanga." Mama alirudi nayo methali hiyo nyumbani akawa anaitia katika kila neno kama chumvi.

Na mimi nimetoka tumbo lile lile. Mkwe wangu ana kadi yake ya plastiki, ananunua nayo mpaka nyanya, na kila anapoichomeka kwenye mashine mimi hutazama nyuma yetu nione nani mwingine anakula. Ananicheka. Acha acheke. Yeye hakulelewa na mama yangu.

Jambo moja lieleweke. Kampuni ilijua mke mmoja tu. Mwanamume angeweza kuwa na mwingine huko Katuba, nje ya kambi, na wengi walikuwa nao, lakini karte haikubeba majina mawili ya wake. Mwanamke wa nje alikula mfukoni mwa bwana, kama mfuko una kitu. Mwanamke wa karte alikula kwa kampuni, alitibiwa hospitali ya kampuni, na bwana akifa ndiye aliyekaa juu ya mkeka wa kilio akipewa pole. Kutolewa kwenye karte kulikuwa ni kutolewa kwenye ndoa, tena bila kuambiwa.

Basi ukaja wakati wa kubadili majina. Serikali ilisema majina ya watakatifu ni ya kizungu, kila Mzaire achukue jina la mababu zake. Kwa wengi haikuwa shida, jina la nkambo lilikuwepo tayari, lilisubiri tu kuitwa. Nkambo ndivyo tunavyomwita babu au bibi aliyetutangulia. Lakini mama alikuwa mtoto wa katekista, na babu yangu yule aliipenda dini hata akawapa wanawe majina ya watakatifu matupu, mawili mawili, bila kuacha nafasi ya mtu mweusi hata mmoja. Mama hakuwa na jina la kurudia. Baba alimwambia achague, maana karte mpya zinatengenezwa ofisini. Mama alikataa.

"Muntu hajizalake yeye mwenyewe," alisema. "Niache nifikiri. Nikiisha kufikiri, nitaenda kuisema miye mwenyewe kule biro."

Baba akanyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa lugha yake. Alikuwa mtu mpole, na wapole ndio wanaosumbua zaidi, kwa sababu hujui wamefungia nini humo ndani. Mama akaendelea kufikiri, siku zikapita, na mimi nikadhani jambo limekufa.

Halafu jirani yetu akaja asubuhi moja, beseni kichwani, uso umejaa habari. Mwanamke yule hakuja kwetu kuomba moto bila kuacha moto mkubwa zaidi. Alisema karte mpya zimefika kantini na kalaki, yaani karani wa kantini, ameanza kuzisoma dirishani.

"Balisoma jina ya bwana yako," alimwambia mama, akashusha sauti. "Kiisha balisoma ya bibi. Mama, ile jina ya bibi, miye sijaisikia hata siku moja. Baliita, baliita, hakuna muntu alisimama. Kalaki akarudisha karte ndani."

"Pengine iko bwana mwingine wa jina moja."

"Na namba ya kazi nayo iko moja?"

Mama alimshukuru, akampa moto. Jirani alipoondoka, mama alikaa juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti, akaangalia ukuta. Mimi nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kuelewa. Niliogopa. Niliona kabisa mwanamke mwingine akija na masanduku yake, akilala kitandani pa mama, akinituma maji.

Mtu mwingine angemngoja mumewe arudi, amuulize. Mama hakuwa mtu wa kuuliza. Alisema ukimuuliza mwizi njia atakuonyesha ya uongo. Akaanza kuchungulia. Jioni alimwekea baba bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele yake akihesabu matonge kwa macho. Baba alikula kidogo. Kumbe ameshiba kwingine! Kesho yake alikula sana. Kumbe huyo mwingine hajui kupika! Siku ya tatu baba alisema sombe ni nzuri, na hilo ndilo lililoharibu kabisa, kwa sababu tangu waoane hakuwahi kusifu mboga. Mama alinusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Yalinuka moshi wa tanuru, kama siku zote, na mama akasema mwanamke mjanja hajipaki manukato. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, akazidi kuzigeuza zile nguo.

Nami nilimtazama baba nikamwona kweli ana kitu. Alikuwa akifungua mdomo kama anayetaka kusema, kisha anakohoa. Nikamchukia kidogo. Nalisema wazi, kwa kuwa wakati ule nilimchukia.

Siku ya kugawa chakula ilipofika mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, akakikaza kiunoni, akavua hereni akanipa nimshikie. Kwa wanawake wa kambi, kuvua hereni ni kutangaza vita. Kaka yake aliyekaa Makomeno alikuwa ameshaambiwa atayarishe chumba. Tulitoka mapema, tukakaa kwenye benchi la kantini mahali panapoonekana dirisha na mlango pia.

Kalaki aliweka rundo la karte mbele yake. Zamani alikuwa akiita "bibi ya fulani," lakini siku zile kila mtu alikuwa sitwaye na sitwayene, yaani raia, na wanawake waliitwa kwa majina yao wenyewe. Wakaitwa mmoja mmoja. Wengine walikuwa hawajayazoea majina yao mapya, wakakaa tu mpaka wenzao wawasukume, watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa akikagua kila mwanamke anayeingia: huyu mnene mno, huyu mzee, huyu labda. Mmoja mwenye nywele za uzi alipopita, mama alinishika mkono akaufinya hadi ukaniuma.

"Sitwayene!" kalaki aliita, akalitaja lile jina.

Jirani yetu aligeuka akatutazama. Hakuna aliyesimama.

Kalaki aliita tena, safari hii akaongeza jina la baba na namba yake ya kazi. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeingia. Yule wa nywele za uzi alikuwa ameshapewa unga wake, anafunga mfuko.

Kalaki aliita mara ya tatu, karte tayari iko njiani kurudi ndani. Hapo mama akasimama. Hadi leo nauona ule mgongo wake umenyooka.

"Ni miye."

"Mama, naita mara tatu, unalala?"

"Silale. Nilikuwa nangoya nione kama iko muntu mwingine."

Wanawake waliangua kicheko, na kalaki naye. Mama akachukua karte, akachukua unga, mafuta na makayabu, akachukua sabuni yote ambayo karte iliruhusu. Njiani aliniambia, bila kunitazama, "Kama ule mwanamuke iko, njala imule."

Jioni alimwekea baba karte kwenye sahani, mahali pa bukari.

"Huyu iko nani?"

Baba aliitazama. "Ni weye," akasema.

"Miye? Nani alinizala na hii jina?"

Akaeleza, kwa taabu. Biro walikataa kungoja tena. Walimwambia bila jina la mke hakuna karte, yuko dirishani, watu wanasukumana nyuma yake, akasema jina la kwanza lililomjia. Ni la nkambo wake, yule aliyemlea. Alitaka kumwambia mama kila siku, akaogopa.

"Nkambo yako habari yake naijua," mama alisema. "Banamwitaka mama ya fulani. Hii jina si yake."

"Ile ni kuitwa kwa mutoto wake. Hii njo jina ya kuzaliwa."

Mama aliondoa sahani, akaleta bukari. Hakuenda Makomeno. Lakini hakuamini, na mkisikia watu wakitaja ndoa zilizopona mjue kuna nyingi za namna hiyo. Kila mgeni aliyefika kutoka kwao baba, upande wa Bukama, alipewa kiti na maji kisha akaulizwa, kama mzaha, nkambo yule aliitwa nani. Wote walikuwa vijana waliokuja kutafuta kazi. Wote walijibu kwamba walimwita mama wa fulani tu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hubaki kwa wachache waliomjua zamani, na nani atathubutu kulitaja mbele ya mzee? Kila jibu la namna hiyo mama alilipokea kwa kutikisa kichwa, kana kwamba shahidi mwingine amemwangusha baba.

Akaitumia karte kwa hasira. Kila alichoruhusiwa kuchukua alichukua chote, hata tusichohitaji. "Nimubakishie nani?" alisema. Makayabu tuligawia majirani. Sabuni ilijaa chini ya kitanda, mche juu ya mche, hadi nyumba nzima ikanuka kama mahali pa kufulia. Mwisho wa mwezi baba alirudi na mshahara uliokatwa mpaka mfupa. Aliweka zilizobaki mezani akaenda kukaa nje, na mimi, niliyekuwa nimeshaanza kukua, nilianza kumhurumia, ila sikumwambia, na sasa siwezi kumwambia.

Aliugua kifua, akafa Zaire ikiwa bado Zaire. Kantini ilikuwa na rafu tupu wakati huo, lakini sisi tulikuwa na sabuni. Ile ile ya chini ya kitanda. Ilimwosha baba, ikaosha masufuria ya kilio chote.

Watu wa kwao walikuja na treni. Miongoni mwao alikuwepo kikongwe mmoja aliyeshikwa mikono na wajukuu, shangazi yake baba, binti wa mwisho wa yule nkambo. Hakuwahi kufika mjini maishani mwake. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa. Kikongwe hakukaa penye kiti alichowekewa. Alijishusha mpaka chini, polepole, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti ya mama.

"Mama," alimwita.

Mama alidhani uzee umemchanganya. "Miye bibi ya marehemu," alimjibu kwa upole.

"Najua. Ule mutoto, bwana yako, alinitumiaka habari, zamani, na bantu ba treni. Alisema: usilie tena, mama yako nilimurudisha. Iko huku Lubumbashi, ndani ya nyumba yangu, na kampuni inamukulisha." Kikongwe akamtazama usoni, akatabasamu bila meno. "Nilikuwa nataka nikuone mbele nife."

Kisha akalitaja lile jina, la kwenye karte, herufi kwa herufi.

Nikajua mama anapiga hesabu, mwezi baada ya mwezi, mche baada ya mche. Kikongwe akaita tena. Akaita mara ya tatu, sasa kwa sauti ndogo, kama mtoto anayegonga mlango wa nyumba ambayo hana hakika kama ina watu.

"Niko hapa," mama alisema. Ndipo akalia, na huyo aliyemlilia alikuwa baba.