Meza ya Kutazamwa

Fundi seremala wa mtaa ana meza ya kazi inayong'aa hadi nzi wakitua wanateleza. Kila asubuhi huipitishia msasa laini, huipaka vanishi, kisha huisugua kwa kitambaa taratibu, kama anayempangusa mtoto mchanga. Kazi zenyewe, maskini, huzifanyia sakafuni huku kapiga magoti, maana mezani zingeleta mikwaruzo! Leo kaja jirani yake, mama ambaye nyumba yake haina mlango na mvua zimeshaanza.

"Shemeji, mlango wangu vipi?"

"Haraka haraka haina baraka, shemeji. Na usiegemee hapo!"

Mama akaupima uso wa meza kwa shubiri. "Upana unatosha, urefu unatosha. Wanangu, njooni tubebe!"

Fundi akairukia meza yake, akailalia kifudifudi kuikinga, na mfuko wa aproni yake umejaa misumari.